Kauli ya Wenyeji wa Uvira Kuhusu Mto Rusizi, 1858–1871

Katika mihadhara yake ya mwaka 1955 huko Harvard, J. L. Austin alieleza kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi laweza kufaulu au kuharibika. Hata kutoa habari kuna masharti yake: msemaji awe na msingi wa kulijua alisemalo, aliamini, na msikilizaji amwelewe na kuipokea kauli yake. Historia ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika yatoa mfano ulio wazi.

Mwezi Machi 1858, John Speke alikutana na mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim katika kisiwa cha Kasenge, akarejea Ujiji na habari kwamba upande wa kaskazini mto mkubwa hutoka ziwani. Habari hiyo ilikuwa nzito, kwani yeye na Richard Burton walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Lakini Speke hakujua Kiarabu. Alitegemea Kihindustani cha mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay. Huko Ujiji, mtu aitwaye Sayfu naye alidai kuwa ameuona mto huo kwa macho yake.

Tarehe 26 Aprili 1858 wasafiri hao walifika Uvira. Wana watatu wa mtawala Maruta walipoulizwa, walijibu kwa kauli moja, na umati uliokuwapo ukawaunga mkono: Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Ndipo Bombay aliposema kwamba Speke hakuyaelewa maneno ya Hamid, na Sayfu akakiri kuwa hajapata kupita Uvira. Kauli mbili za awali zikaanguka, kila moja kwa sababu yake: ya Hamid iliharibika katika tafsiri, na ya Sayfu haikuwa na msingi wala unyofu.

Kauli ya wana wa Maruta ilikuwa na hayo yote. Walisema wamefika Rusizi, nao wakajitolea kuwapeleka wageni. Hata hivyo wapiga makasia walikataa kuendelea, na Burton hakuuona mto. Baada ya kifo cha Speke mwezi Septemba 1864, alichapisha kitabu The Nile Basin, akitetea tena hoja kwamba Rusizi hutoka ziwani. Hivyo kauli iliyopokewa Uvira ilikataliwa London.

Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika kwa mtumbwi kwenye mlango wa Rusizi, wakaona maji yakiingia ziwani. Maneno yao hayakuzidi yale yaliyosemwa Uvira miaka 13 kabla. Ila safari hii Ulaya iliyasadiki. Kilichobadilika ni msemaji.

Basi sharti la kupokewa halimo mikononi mwa msemaji peke yake. Anayesikiliza ndiye huamua ni nani mwenye haki ya kuhesabiwa kuwa anajua, na uamuzi huo waweza kuiangusha kauli iliyo kweli, iliyo nyofu na iliyoeleweka vema. Anayekusanya habari vijijini, awe mwanahistoria au mwanaisimu, hana budi kuuchunguza uamuzi wake mwenyewe kabla ya kuyapima maneno ya wenyeji.