USAILI WA WAANDISHI WA PROGRAMU UNAPIMA NINI HASA?

Nimekuwa kimya kwa ajili ya pepa, lakini leo nimepata upenyo. Wiki hii palikuwa na ubishi mkali hapa hosteli. Jamaa zetu wa kompyuta wanalalamika kwamba usaili wa kazi za IT ni uonevu mtupu, unaulizwa mambo ambayo hutakutana nayo kazini hata siku moja. Wengine wakawajibu kwamba anayelalamika ni yule ambaye hakupiga msuli.

Mimi ni mtu wa ualimu, kompyuta natumia kuchapa kazi za darasani tu. Lakini suala la mtihani kumpima mtu kwa haki ni suala letu walimu kabisa. Kwenye somo la upimaji tunafundishwa kuuliza maswali mawili kabla ya kuuamini mtihani wowote. Kwanza, je, unapima kile unachodai kupima? Pili, je, akisahihisha mwalimu mwingine, matokeo yatakuwa yale yale? Basi nikayachukua maswali hayo mawili na kurudi nayo nyuma hadi Marekani, ambako usaili wa aina hii ulizaliwa.

Tuanze mwaka 1945. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuwa kinajenga kompyuta kubwa ya jeshi iliyoitwa ENIAC, na wanawake 6 ndio waliochaguliwa kuipangia kazi. Mmoja wao alikuwa Betty Jean Jennings, msichana wa miaka 20 kutoka Missouri, aliyesoma hisabati kwenye chuo cha ualimu (mnaona wenyewe, ualimu tulikuwepo tangu mwanzo!). Alisimulia baadaye kwamba msaili wake, Herman Goldstine, alimuuliza anauonaje umeme. Akaanza kutaja kanuni ya fizikia. Msaili akamkatiza, alichotaka kujua ni kama anauogopa. Huo ndio ulikuwa usaili. Hakukuwa na mtihani wa programu kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haijawahi kufanywa na mtu. Walijifunza humo humo, kwa kusoma michoro ya mashine.

Miaka 10 baadaye kompyuta zilianza kuuzwa kwenye makampuni, na watu wa kuziandikia programu hawakutosha. Mwaka 1955 IBM ikaleta mtihani wake wa vipaji, uliojulikana kwa kifupi kama PAT. Ndani yake mlikuwa na mifululizo ya namba, michoro ya kulinganisha na mafumbo ya hesabu. Mwanahistoria Nathan Ensmenger anaeleza kuwa kufikia 1962 makampuni yapatayo asilimia 80 yalitumia mtihani wa vipaji wa aina fulani kuajiri waandishi wa programu, na nusu yao walitumia huu wa IBM. Mwaka 1967 peke yake watu zaidi ya 700,000 waliufanya.

Tuwe wakweli, mtihani ule ulikuwa na wema wake. Haukuuliza baba yako ni nani wala una digrii ya wapi. Kijana yeyote mwenye kichwa angeweza kuupita na kupata kazi. Tatizo lilikuwa kwenye lile swali letu la kwanza. Waliofaulu mtihani na waliofanya kazi vizuri hawakuwa lazima watu wale wale, uhusiano ulikuwa hafifu. Halafu likaja lile tunalolijua sana hapa chuoni, yaani desa. Majibu yalianza kuzunguka, hasa kwenye vyama vya wanafunzi wa kiume. Ambaye hakuwa kwenye vyama hivyo, wasichana wakiwemo, akaingia mtihanini mikono mitupu akishindana na waliokwisha kuuona.

Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili, William Cannon na Dallis Perry, waliongeza jingine. Walichunguza waandishi wa programu 1,378 ili wajue mtu wa kazi hii anafananaje. Wanawake kati yao walikuwa 186 tu. Wakasema watu hawa wanapenda mafumbo, sawa, lakini pia hawapendi watu. Sasa fikiria mwajiri anayetafuta mtu "asiyependa watu". Ukiwapima waliokwisha kuajiriwa, kisha ukachagua wanaofanana nao, utaendelea kupata wale wale miaka yote. Kama vile mwalimu anayewapa alama wanafunzi wanaokaa mkao wa yule aliyeongoza mwaka jana!

Wakati huo huo, mbali na kompyuta, palikuwa na kesi ambayo nadhani kila mtu wa upimaji aijue. Kampuni ya umeme ya Duke Power, kule North Carolina, ilikuwa imewaweka wafanyakazi weusi kwenye idara ya kazi za chini kabisa. Mwaka 1965, siku ile ile sheria ya kupinga ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni ikaweka mitihani miwili ya vipaji kwa wanaotaka nafasi nzuri zaidi. Willie Griggs na wenzake 12 wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi iliamua, majaji wote kwa sauti moja, kwamba mtihani wa ajira unaowaacha watu weusi nje lazima uonyeshe uhusiano na kazi yenyewe, hata kama mwajiri hakuwa na nia mbaya. Yaani usinipime akili kwa ujumla, nipime kwa kazi unayotaka kunipa. Kwangu mimi hapo ndipo haki ya usaili ilipo.

Je, watu wa kompyuta walisikia? Sidhani sana. Microsoft ilijulikana kwa kuuliza kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara. Google nayo ikapenda mafumbo. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyesimamia masuala ya watumishi Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda tu. Hayakutabiri chochote, na kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya msaili ajione mjanja.

Mafumbo yakapungua, ikabaki kalamu na ubao. Unapewa swali la kanuni za kompyuta, unaandika programu umesimama, msaili anakutazama. Mwaka 2015 Max Howell, mtengenezaji wa programu ya Homebrew, alieleza hadharani kwamba Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kuupindua mti wa data ubaoni, wakati wahandisi wengi wa huko huko walikuwa wanatumia programu yake. Wapo waliosema alistahili kukataliwa, na kweli kutengeneza kitu maarufu si cheti cha kila kazi. Lakini swali la kwanza linarudi, mti ule ulikuwa unapima nini?

Utafiti wa mwaka 2020 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft ulijaribu kujibu. Wanafunzi 48 walipewa swali la programu. Baadhi waliandika ubaoni mbele ya mtu, wengine peke yao chumbani. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wanawake wote waliokuwa peke yao walifaulu. Kundi lilikuwa dogo, tusilikuze kupita kiasi, lakini linatuonyesha kwamba ubao unaweza kupima woga ukadhani unapima ujuzi.

Mtaniuliza, mbona sisi walimu tunakaguliwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na jasho linatutoka? Kweli. Lakini kutazamwa ni sehemu ya kazi yetu, darasa zima linakukodolea macho kila siku. Mwandishi wa programu hufanya kazi akiwa na kompyuta yake, vitabu vyake na muda wa kufikiri. Pia mkaguzi wetu ana fomu moja kwa wote, anajaza kipengele kwa kipengele.

Na hiyo fomu si jambo dogo. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti nyingi za ajira. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea, usaili wa maswali yale yale kwa wote na usahihishaji uliopangwa ulipata 0.42. Usaili wa kupiga soga na kuangalia "kama ananifaa" ulipata 0.19. Hata huo wa juu haufiki nusu, kwa hiyo msaili anayesema anamjua mtu kwa dakika 45 anajidanganya.

Hitimisho langu ni hili. Usaili wa ufundi hauwi wa uonevu kwa sababu ni mgumu, na ukiufuta kabisa tutarudi kwenye undugu na kujuana, ambako mtoto wa mkulima hana chake. Unakuwa wa uonevu pale unapopima desa, woga au sura badala ya kazi. Dawa si ngeni: mpe mtu kipande cha kazi halisi, muda wa kutosha, maswali sawa na wenzake, na msahihishaji mwenye fomu. Kwa hiyo jamaa zetu wa kompyuta pigeni msuli, lakini mkitoka usailini ulizeni pia lile swali la kwanza. Na siku mkikaa ninyi upande wa pili wa meza, msilisahau.

Haya, nawasikiliza wadau. Tuko pamoja.