Taa za Ruta na Mkongo wa Baharini

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo. (Wanafunzi wangu, mkongo huu una wingi wa mikongo, msiuchanganye na Mkongo, jirani yetu wa ng'ambo ya Rusizi.)

Hapa Kamembe niliitazama ruta yangu. Taa zote zilikuwa za kijani, nami nikailaumu simu.

Kosa lilikuwa la usomaji. Taa ya Wi-Fi hueleza tu kwamba ruta inarusha mawimbi chumbani. Ile yenye herufi LOS, ikiwaka nyekundu, husema kwamba mwanga haufiki kupitia uzi wa kioo uingiao nyumbani. Huenda umekatika au umepindwa mno. Taa ya intaneti nayo hushuhudia kwamba ruta imepokewa na mtoa huduma, basi. Hakuna taa iionayo bahari.

Na bahari ndiyo asili ya habari hii. Kabla ya mwaka 2009, ukanda wetu ulitegemea setilaiti, ghali na za polepole. Julai mwaka huo SEACOM ilianza kazi, ikipitia Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ikafuata mwaka 2010. Rwanda, isiyo na pwani, huifikia mikongo hiyo kwa nyaya za nchi kavu zipitazo kwa majirani.

Siku ile jirani yangu aliizima na kuiwasha ruta yake mara tano. Mimi, nakiri, mara saba.