Kipande Kabla ya Jezi: Nani Ana Haki ya Kuchezea Taifa?

Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Wengi wao walizaliwa Kenya, na wazee miongoni mwao walikuwa tayari na wajukuu waliozaliwa Kenya, lakini kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hawakuwa nacho. Tarehe 13 mwezi huo, Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mapema 2017 Wamakonde walikuwa wakishika vitambulisho hivyo mikononi, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Habari ile ilisomwa kama habari ya siasa na haki za binadamu. Ndani yake, hata hivyo, mna swali ambalo vyama vya michezo duniani vimelihangaikia kwa zaidi ya karne: mtu ni wa nchi gani, na nani ana haki ya kuivalia jezi? Ukiziweka kanuni za michezo kando ya historia ya Wamakonde wa Msambweni, huko Kwale, unagundua jambo zito. Kuna michezo ambayo kanuni zake zingemkubali mtoto wa Makongeni, makazi yao ya huko, kuwa Mkenya miaka mingi kabla ya serikali yake kumkubali.

Milango mitatu ya raga

Tuanze na raga ya wachezaji 13. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Klabu za huko zilijitenga na chama kikuu kwa kuwa kilikataa wachezaji walipwe fidia ya ujira waliopoteza walipoacha kazi za migodini na viwandani kwenda kucheza. Mchezo ukavuka bahari hadi Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki, nao watu wa visiwa hivyo wakahamia miji mikubwa kutafuta riziki. Watoto wao wakazaliwa ugenini. Ndipo swali la utaifa likawa gumu.

Raga ililijibu kwa kufungua milango mitatu. Mchezaji anaweza kuchezea nchi aliyozaliwa, nchi aliyozaliwa mzazi wake au mmoja wa babu na bibi zake, au nchi aliyoishi kwa miaka iliyowekwa na kanuni. Raga ya wachezaji 13 ilikwenda mbali zaidi, ikawaruhusu nyota wa mataifa makubwa kurudi kuchezea mataifa madogo ya asili yao. Mwaka 2017 Jason Taumalolo, mzaliwa wa Auckland mwenye wazazi wa Tonga, aliiacha timu ya New Zealand na kuichezea Tonga katika Kombe la Dunia. Andrew Fifita naye akaipa Australia kisogo. Tarehe 2 Novemba 2019 Tonga iliifunga Australia 16-12, ushindi ambao taifa lile dogo lisingeuota kama kanuni ingewafungia wanawe nje.

Raga ya wachezaji 15, ambayo ndiyo Wakenya wengi wanaifahamu na ndiyo wanayoicheza vijana wa South Coast Pirates kule Diani, ina milango hiyo hiyo. Tangu 2022 muda wa kuishi nchini ni miezi 60, badala ya 36 ya zamani. Mchezaji aliyekwisha kuchezea nchi moja anaweza kuhamia nchi aliyozaliwa yeye, wazazi wake au babu na bibi zake, mradi akae miaka mitatu bila mechi ya kimataifa. Mlango wa babu na bibi unahitaji ushahidi. Mwaka 2000 Wales ilifedheheka ilipobainika kwamba Shane Howarth na Brett Sinkinson walikuwa wameichezea bila kuwa na babu wa Wales kama ilivyodaiwa.

Jambo la kushika hapa ni moja: katika raga pasipoti ya nchi si sharti la kuichezea. Kinachotazamwa ni kuzaliwa, ukoo au makazi.

Soka na riadha: uraia kwanza

Soka ilipita njia nyingine. Zamani milango yake ilikuwa wazi mno. Alfredo Di Stéfano aliichezea Argentina kisha Uhispania, na Ferenc Puskás aliichezea Hungary kisha akaenda Kombe la Dunia la 1962 na Uhispania. Baada ya hapo FIFA ikaufunga mlango. Mwaka 2004 Qatar ilipotaka kuwapa uraia Wabrazili ambao hawakuwa na uhusiano wowote nayo, FIFA iliingilia kati na kudai mchezaji awe na kiungo cha kweli na nchi: kuzaliwa, mzazi, babu au bibi, au makazi. Lakini kiungo hicho huja baada ya uraia, wala hakichukui nafasi yake. Asiye na uraia wa nchi hawezi kuichezea.

Wakenya waliionja kanuni hii kwa Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth Origi, alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Mtoto akazaliwa Ostend, Ubelgiji, mwaka 1995, na mwaka 2014 akaifungia Ubelgiji, nchi ya uraia wake, bao dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia kule Brazil.

Riadha ilituuma zaidi. Agosti 2003 mkimbiaji Mkenya Stephen Cherono wa Keiyo aligeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar. Siku chache baadaye, mjini Paris, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akimwacha Ezekiel Kemboi nyuma, huku kaka yake Abraham akikimbia fainali hiyo hiyo kwa bendera ya Kenya. Kenya ilikataa kumpunguzia muda wa kusubiri unaotakiwa na Olimpiki kwa anayebadili nchi, akaikosa Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Septemba mwaka huo alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 7:53.63, rekodi iliyodumu hadi 2023. Mwaka 2017 shirikisho la riadha duniani lilisimamisha uhamisho wote, na lilipoufungua tena 2018 likaweka miaka mitatu ya kusubiri.

Wakati ule tuliuliza kwa hasira kwa nini Mkenya auze utaifa wake. Hatukuuliza kuhusu Wakenya waliokuwa wakiuomba utaifa huo huo bila kupewa.

Waliozaliwa bila nchi

Wamakonde walianza kufika pwani ya Kenya kutoka Msumbiji miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya kwao. Kwale walikata miwa ya Ramisi, wakachonga vinyago, wakajenga Makongeni. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, dirisha la kujiandikisha kuwa raia lilikuwa fupi, na wengi liliwapita.

Watoto waliozaliwa nchini baada ya uhuru walikuwa na haki ya uraia kwa katiba ya awali. Mwaka 1985 katiba ikarekebishwa, na kuzaliwa kwenye ardhi ya Kenya peke yake kukaacha kutosha. Wapemba, wavuvi walioanzisha makazi Kwale na Kilifi, wengine wakiwa wameyakimbia mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, walinaswa vivyo hivyo.

Bila kipande, mtu hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya benki. Mvuvi hakupata leseni. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipata taabu hata kusajiliwa mtihani wa taifa.

Sasa mweke uwanjani kijana wa Makongeni aliyezaliwa miaka ya 1990. Kitovu chake kimezikwa Msambweni. Kwa kanuni za raga yeye ni halali kuichezea Kenya, kwa kuwa amezaliwa hapa. Lakini angethibitishaje bila cheti? Na angepandaje ndege bila pasipoti? Kwa kanuni za soka na riadha, hata kuulizwa hangeulizwa. Kipaji chake kingeishia kwenye mashindano ya kijiji.

Mpaka wa Kenya na Tanzania nao unafumbua mengi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kuanzia mlango wa mto Umba, jirani na Vanga, wakawagawa Wadigo wa Kwale na wa Tanga. Mdigo wa Lunga Lunga ambaye bibi yake alizaliwa Tanga ana haki ya kuichezea Tanzania raga. Akitaka kuivalia Taifa Stars, timu ya soka ya nchi hiyo, itambidi kwanza aupate uraia wa Tanzania, nchi isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kenya iliuruhusu katika katiba ya 2010.

Kazi iliyobaki

Julai 2023 Rais William Ruto alikwenda Kilifi kuwakabidhi Wapemba hati zao. Ni hatua ya kupongezwa, kama ile ya 2016. Lakini wazao wa Warundi na Wanyarwanda walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya wakoloni nao wamekuwa wakidai haki hiyo hiyo, na kitambulisho kinachofika mtu akiwa na miaka 40 hakimrudishii ujana wake.

Kanuni ya haki ni ile inayotazama mtu alipozaliwa, alipolelewa na anapoyajenga maisha yake. Michezo imelifikia jambo hilo baada ya makosa mengi, na dola ina wajibu wa kulifikia pia. Kwa hiyo serikali ya kaunti, machifu na walimu wakuu wa Kwale wahakikishe kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa kabla hajafika darasa la kwanza. Na makocha wanaosaka vipaji Ukunda na Diani wafike pia Makongeni, Shimoni na Vanga. Wachezaji wako huko, na sasa sheria iko upande wao.