Kusoma Ushuhuda wa Mfungwa wa Mobutu



Leo tusome ushuhuda wa mtu aliyetoka hai katika gereza la Mobutu: Nguza Karl-i-Bond. Wazee wanalikumbuka jina hilo. Mwaka 1977, nyuma ya vita vya kwanza vya Shaba, alikuwa waziri wa mambo ya nje. Akakamatwa, akashitakiwa kwamba alijua mapema habari za shambulio lile akanyamaza. Akahukumiwa kufa; adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha; mwaka 1978 akaachiliwa. Kisha Mobutu akamrudishia uwaziri mwaka 1979, na mwaka 1980 akamfanya waziri mkuu!

Tusimame hapo kidogo. Gereza lile lilimfundisha mtu kwamba uhai wake, sawa na kiti chake, ni zawadi ya mkubwa. Mliokuwa watu wazima mnaikumbuka C.N.D.: mtu anachukuliwa usiku, karatasi ya hakimu hakuna, jamaa inazunguka ikiuliza mlango kwa mlango. Ikiwa waziri alitendewa hivyo, mkulima wa Walungu je? Nani aliandika kitabu chake?

Nguza alikimbilia Ulaya mwaka 1981. Mwaka uleule alieleza mbele ya wabunge wa Marekani jinsi alivyoteswa kwa umeme, na mwaka 1982 akatoa kitabu kwa Kifaransa. Lakini mwaka 1985 alirudi kwa Mobutu, na mwaka 1991 akawa waziri mkuu tena. Chama chake, UFERI, kilikuwa mbele wakati Wakasai walipofukuzwa Shaba, mwaka 1992 na 1993, watu wakilala na watoto kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni.

Mzee mmoja wa Kadutu aliniambia: «Mwanangu, kitabu cha mtu wa namna hiyo kitupe.» Mzee wangu, kwa heshima, nakataa. Mimi nilisoma sheria. Shahidi aweza kuwa mtu mbaya na neno lake likawa kweli. Umeme ule ulimchoma kweli, na wafungwa wengine walisimulia mambo kama hayo. Vilevile, kuteswa hakukumpa ruhusa juu ya Wakasai. Yote mawili tuyashike pamoja, hata kama yanatuchosha.

Ndiyo maana nawaomba machefu wanaopokea wakimbizi wa ndani: msiulize kabila kabla ya kuuliza lililotokea. Katiba ya 2006 inasema mtu hazuiliwi polisi kupita saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, na kwamba hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 imefanya mateso kuwa kosa la jinai. Basi mkisikia ushuhuda, andikeni siku, mahali, na nani alikuwepo. Karatasi hiyo iwekwe mahali pakavu, na nakala yake abaki nayo mwenyewe aliyesema.