Uhaba wa chakula kwa wanafunzi wa vyuo vikuu (Tanzania)

Uhaba wa chakula kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ni hali ya mwanafunzi kukosa mlo wa kutosha wenye lishe, au kutokuwa na hakika ya kuupata. Nchini Tanzania hali hii inafungamana na fedha za kujikimu, maarufu kama "boom", zinazotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Katika mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha fedha hizo kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa chakula na malazi pamoja.

Sababu. Ugumu huzidi awamu moja ya malipo inapokaribia kwisha, nyingine inapochelewa, na kwa wasio na mkopo. Waliopanga mitaani hubanwa zaidi na kodi. Wengine hutuma sehemu ya fedha nyumbani.

Mbinu za kukabiliana. Wanafunzi hupiga "pasi ndefu", yaani hula mlo mmoja kwa siku. Huchanga na kupika kwa zamu. Hukopa kwa mama lishe. Hubeba unga na maharage kutoka nyumbani. Au hufanya vibarua.

Athari. Njaa hudhoofisha afya na umakini darasani. Kwa hiyo chakula ni sehemu ya elimu yenyewe, na hakifai kuachiwa uvumilivu wa mwanafunzi peke yake.