Arua Kabla ya Wilaya: Milima Miwili na Maji ya Yakan

Maelezo mengi ya Arua huanzia 1914, mwaka ambao eneo la West Nile lilihamishwa kutoka Sudan na kuwekwa chini ya Uganda, na A. E. Weatherhead akawa mkuu wake wa kwanza wa wilaya. Yaliyotangulia hupitishwa mbio: Emin Pasha kule Wadelai, mkataba wa 1894 uliompa Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, kifo chake Desemba 1909, kisha wawindaji haramu waliovamia tembo. Mji hujitokeza kama kazi ya mkono wa serikali, uwandani pasipo na mtu.

Walugbara, wenyeji wa eneo hilo, wana maelezo mengine, nayo yanaanzia milimani. Mtaalamu wa jamii John Middleton, aliyeishi nao kati ya 1949 na 1952, alirekodi simulizi za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao wana wao ndio chimbuko la koo. Jaki alifia Mlima Liru, karibu na Koboko; Dribidu alifia Wati, mlima ambao Walugbara huuita Eti. Koo za uwanda huu zimejipanga kwa kuitazama milima hiyo, siyo kituo cha Weatherhead.

Ardhi yenyewe inawaunga mkono. Arua iko kwenye uwanda wa juu, karibu na ukingo unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo, na mpaka wa Uganda na Kongo umefuata ukingo huohuo. Mto Enyau unaopita mjini hutiririka kwenda Nile. Ng'ambo kidogo tu, mvua ileile huelekea Kongo.

Lakini maji yaliyowasumbua watawala ni mengine. Nabii Rembe, Mkakwa, aligawa maji ya Yakan kwa Walugbara walioyanywa wakitumaini kwamba risasi zingegeuka maji, na kwamba wazee na ng'ombe waliokufa wangerudi. Nguvu hiyo ilisemekana kutoka kwenye kidimbwi chenye nyoka katika nchi ya Wakakwa. Mwaka 1919 wafuasi na askari wa serikali walipambana, na machifu waliohusishwa wakahamishwa.

Maofisa waliona ushirikina uliochochewa na mgeni. J. H. Driberg, aliyekuwa mtumishi wa serikali nchini Uganda, aliandika makala kuhusu Yakan mwaka 1931, na sauti ya ofisi bado inasikika ndani yake. Hoja hiyo ina tobo kubwa: Rembe alikuwa ameuawa Yei mwaka 1917. Mtu aliyekufa hawezi kupanga uasi wa miaka miwili baadaye. Maelezo ya Middleton yanastahili subira zaidi. Aliweka Yakan katika mfululizo wa balaa: sotoka na homa ya uti wa mgongo, wavamizi wa pembe na watumwa, kisha kodi na machifu wa kupachikwa. Aliyepoteza ng'ombe, jamaa na mamlaka yake kwa kizazi kimoja alikuwa na sababu ya kutafuta kinga. Na aliitafuta palepale nchi yake ilipokuwa imeweka nguvu zake, kwenye maji na mlima.

Miaka ya Idi Amin imeandikwa vya kutosha. Hapa inatosha kusema kwamba vita vilivyofuata kuangushwa kwake viliwakimbiza watu wengi Sudan na Zaire. Kilichobadilisha mandhari polepole zaidi ni tumbaku. Mabanda ya kuikaushia yalikula kuni kwa miongo kadhaa, na mikalitusi ikapandwa mahali pa miti ya asili.

Siku hizi ramani imechorwa upya. Koboko ilipata wilaya yake 2005. Arua iligeuka jiji Julai 2020, ikazimeza Manibe, Adumi na kata nyingine za kaunti ya Ayivu. Mwaka huohuo Wati ukaangukia wilaya mpya ya Terego. Hivyo milima ya mashujaa wawili wa simulizi moja imo mikononi mwa halmashauri mbili, na jiji lenyewe halina hata mlima mmoja kati ya hiyo. Mpango wowote wa urithi utakaoanzia 1914 na kuishia kwenye mipaka ya jiji utaiacha nje yote miwili, Liru na Wati.