Wakaao Hekaluni: Asili na Kazi za Ambalavasi wa Kerala

Katika pwani ya Malabari, ambayo leo imo katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi ya Bara Hindi, wako watu waitwao Ambalavasi. Jina hili limeundwa kwa maneno mawili: ambalam, yaani hekalu, na vasi, yaani mkaaji. Hao si ukoo mmoja, bali ni jamii kadhaa zilizounganishwa na utumishi wa nyumba ya ibada.

Kuhudumia sanamu kulikuwa haki ya makuhani wa Kibrahmani. Kazi nyingine ziligawanywa kwa nasaba. Wavariyari na Wapisharodi walitunga mashada ya maua. Wamarari walipiga ngoma na kuimba karibu na ngazi za chumba kitakatifu. Wachakyari waliigiza tamthilia za Kisanskriti ziitwazo kutiyattam. Wanambiari waliwapigia mizhavu, ngoma iliyo mfano wa mtungi. Na wanawake wa Kinambiari, waitwao Nangiari, waliigiza nafasi za kike.

Je, asili yao ni ipi? Masimulizi yasema kuwa Mpisharodi wa kwanza alikuwa mwanafunzi aliyekaribia kuapishwa utawa, akatoroka. Wachakyari na Wanambiari nao husemwa kuwa ni wana wa mwanamke wa Kibrahmani aliyehukumiwa kwa uzinzi: aliyekwisha kuvishwa uzi mtakatifu akawa Chakyari, asiyevishwa akawa Nambiari. Masimulizi haya yafanana: katika kila moja mtu ashuka daraja kwa kosa. Kwa hiyo yafaa yasomwe kama maelezo ya cheo, chini ya Mbrahmani na juu ya Mnayari, wala yasichukuliwe kuwa ushahidi wa uzazi.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika maandishi ya mawe na ya mabamba ya shaba ya zama za wafalme wa Chera, kati ya karne ya 9 na ya 12. Humo twaona mashamba na vipimo vya mchele vikitengwa kuwa wakfu kwa ajili ya watumishi wa hekalu. Aliyerithi kazi alirithi na riziki yake. Yaelekea kwamba wakfu huo ulisaidia kuifanya kazi kuwa nasaba.

Basi wakfu ulipoguswa, jamii nzima ilitikisika. Mageuzi ya ardhi ya Kerala, yaliyotiwa nguvu mwaka 1970, yaliwapa wapangaji mashamba waliyoyalima, na mahekalu yakapoteza sehemu kubwa ya mapato. Vijana wengi wa Ambalavasi waliziacha ngoma na maua, wakatafuta mishahara.

Yawezekana kulia juu ya hasara hiyo, lakini msomi na akumbuke upande wa pili. Kabla ya tangazo la mfalme wa Travancore la tarehe 12 Novemba 1936, watu wa matabaka ya chini katika nchi hiyo hawakuruhusiwa kuingia katika mahekalu yake. Sanaa iliyolindwa na ukuta ilikuwa pia sanaa iliyonyimwa watu.

Mwaka 1965 chuo cha Kalamandalam kilianza kufundisha kutiyattam, chini ya Painkulam Rama Chakyar, na wanafunzi wasiozaliwa katika jamii hizo wakapokewa. Mwaka 2001 UNESCO ikaitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa wanadamu. Nasaba iliihifadhi kwa karne nyingi. Lakini isingalifunguliwa mlango, huenda ingalikufa pamoja na wenyewe.